Batumbula na uwanja wa mpira: fasi za siri za Lubumbashi

Bandugu, mgeni akifika Lubumbashi tunamupeleka kwanza kuona shemine ya Gécamines, mita 153 kwenda juu, na ule mlima mweusi wa mabaki ya madini pembeni yake. Anapiga picha, tunakunywa Simba moja baridi, matembezi yameisha. Mwezi uliopita binamu yangu alikuja kutoka Kigoma na kukataa programu hiyo. "Hiyo naiona kwenye simu. Nipeleke mahali penye siri, mahali watu hawapajui."

Mimi niko na diploma ya historia. Nilikosa cha kusema.

Nikamupeleka Shilatembo, kama kilometa 50 kwenye barabara ya Likasi. Usiku wa tarehe 17 Januari 1961, Patrice Lumumba, Maurice Mpolo na Joseph Okito walitolewa kwenye villa Brouwez, si mbali na uwanja wa ndege wa Luano, wakapigwa risasi kule porini. Baadaye miili ilichimbuliwa ikayeyushwa kwa asidi. Kilichorudi kutoka Ubelgiji ni jino moja, Juni 2022. Binamu alisimama kimya muda mrefu, kisha akasema: "Lakini hii dunia nzima inaijua."

Kweli. Basi jioni tukaenda Kamalondo kwa mzee mumoja jirani ya mama yangu, mutu wa miaka 88, mwana wa kambi ya Union Minière. Nikamuuliza: baba, hapa kwetu fasi gani batu walikuwa wanaogopa?

Akacheka. "Batumbula."

Wengi wenu mulisikia hilo neno kwa bibi. Siku za ukoloni ilisemwa kwamba mutumbula anakamata mutu usiku, anamupoteza sauti, anamupeleka kwa bazungu anoneshwe kama nguruwe, kisha aliwe. Bazungu wenyewe waliona ni ujinga wa washenzi. Wataalamu waliochunguza habari hizi baadaye waliona jambo lingine: ni namna watu walivyoeleza kazi iliyokula miili yao. Mimi nakubaliana nao, ila yule mzee alinionyesha upande ambao sikuusoma chuoni.

Alisema alipokuwa mutoto, kulikuwa na uwanja wa mpira ambao mama yake alimukataza kabisa kukaribia. "Beko batumbula pale." Alipokuwa kijana njo alijua sababu. Disemba 1941, wakati wa vita, bei zilipanda na mishahara ilikuwa midogo, wafanyakazi wa Union Minière waliacha kazi. Hapa mujini walikusanyika kwenye uwanja wa mpira, na askari wakawafyatulia risasi. Wanasimulia jina la Léonard Mpoyi, aliyesema kwa niaba ya wenzake mbele ya gavana Maron, akauawa. Waliokufa ni makumi ya watu. Baba wa mzee alirudi nyumbani bila shati, na mpaka anakufa hakusema alichoona. Mama hakuweza kumwambia mutoto neno "mugomo" ndani ya nyumba ya kampuni. Akamwambia batumbula.

Binamu aliacha kuandika kwenye simu yake.

Niliona haya kidogo, nawaambia ukweli, maana habari hii haikufichwa na kila mutu. Tshibumba Kanda-Matulu, mchoraji wa hapa hapa, aliichora miaka ya 1970. Na mwaka 1965 André Yav aliandika historia ya Élisabethville kwa Kiswahili chetu, kwa ajili ya chama cha watumishi wa zamani wa nyumba za bazungu. Chama kama hiki chetu, lakini bila diploma! Maandishi yale yalichapwa Ulaya na Johannes Fabian mwaka 1990. Mimi niliyasoma kwa tafsiri, na ninaishi katika muji unaosemwa mule ndani.

Nilimuuliza mzee kama atatupeleka kuuona uwanja wenyewe. Alinyamaza, akaangalia mulango. "Mwanangu, baba yangu hakunipeleka. Lakini wewe uko na mugeni, si unaona? Tutaenda."

Jumapili narudi kwake, na simu ya kurekodi. Amesema nifike muchana, isiwe usiku.