Deni Lisilodaiwa: Tarikhi ya Ala za Kufichua Kumbukumbu Inayovuja

Usiku wa kuamkia tarehe 4 Novemba 1992, saa nane ikiwa imepita kidogo, mtambo wa kompyuta uliokuwa ukiwahudumia waelekezaji wa magari ya wagonjwa mjini London ulianza kwenda pole, kisha ukakwama kabisa, na watu wa zamu hawakuwa na hila illa kurejea kwenye karatasi. Tume iliyochunguza mkasa huo, ambayo ilitoa ripoti yake mwezi wa Februari 1993, haikukuta moto wala hujuma. Ilikuta kipande kidogo cha programu ambacho kila gari lilipotumwa kilichukua sehemu haba ya kumbukumbu ya kompyuta kuu kisiirudishe, na kwa muda wa majuma matatu haba hizo zikajumlika hata pasisalie nafasi ya kufanyia kazi. Kosa lilikuwa la majuma matatu nyuma, na adhabu yake ikafika wakati ambapo hapana aliyekuwa akilikumbuka. Na masafa hayo baina ya kosa na adhabu ndiyo yaliyowalazimu watu kubuni ala za namna ya pekee, kwa kuwa mtafuta kasoro aliyezoea kuchungulia pale programu ilipoangukia hapati kitu pale.

Ama maradhi yenyewe ni ya kale kuliko mkasa ule. Lugha ya C, aliyoitunga Dennis Ritchie katika maabara ya Bell huko Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1970, ilimpa mwandishi wa programu uhuru mkubwa pamoja na dhima iliyolingana nao: akihitaji kumbukumbu huiomba kwa amri ya malloc, akapewa anwani yake, na akiisha haja yake humpasa airudishe kwa amri ya free. Mtambo haumdai. Ni mfano wa tajiri anayekopesha bila daftari, ambaye hajui kuwa amefilisika mpaka siku anapofungua kasha akalikuta tupu. Anwani ile ikipotea kabla ya kumbukumbu kurudishwa, basi kumbukumbu hiyo haitumiki tena wala haiwezi kukopeshwa mwingine maadamu programu ingali inakwenda, na huko ndiko kuvuja. Waandishi hodari walijitungia vijidaftari vyao, wakiizungushia malloc msimbo wa kuandika kila mkopo na kila rejesho. Lakini vijidaftari hivyo havikuiona misimbo iliyonunuliwa kwa wengine, na aghalabu humo ndimo ilimokuwamo kasoro.

Mwezi wa Januari wa mwaka ule ule wa 1992, Reed Hastings na Bob Joyce waliwasomea wataalamu wa mfumo endeshi wa Unix makala juu ya ala waliyoiita Purify, na kwa maoni yangu hapo ndipo sanaa hii ilipobaleghe. Purify haikuhitaji kuusoma msimbo kama ulivyoandikwa na binadamu. Iliingia katika programu iliyokwisha kufasiriwa kwa lugha ya mashine, hata katika maktaba za wageni, ikatia maagizo yake kabla ya kila amri ya kusoma au kuandika katika kumbukumbu. Kwa kila baiti ilitunza biti mbili za ushahidi: je, baiti hii haijakopeshwa, au imekopeshwa ila haijatiwa kitu, au imekwisha kutiwa kitu? Ushahidi huo uliongeza matumizi ya kumbukumbu kwa robo, na programu ikapungua kasi mara kadhaa.

Khasa katika kutafuta mivujo, Hastings na Joyce waliazima hekima ya John McCarthy, ambaye katika lugha yake ya Lisp, kwenye mwaka 1960 hivi, aliufundisha mtambo kufuata anwani moja hadi nyingine, ukiwekea alama kila kinachofikika na kukikusanya kisichofikika ili kitumike tena. Purify ilifuata njia hiyo hiyo, lakini ilipokikuta kilichopotea haikukiondoa. Ilikishtaki, ikitaja mlolongo wa kazi zilizokuwa zikiitana siku ya mkopo. Hapo ndipo masafa niliyoyataja yalipofupishwa. (Hastings huyu ndiye aliyeshiriki baadaye kuanzisha Netflix, na wengi wanaomjua kwa filamu hawaijui kazi hii yake ya awali.)

Purify ilikuwa bidhaa ya kuuzwa. Mwaka 2002 Julian Seward alitoa Valgrind, ala ya bure kwa watu wa mfumo endeshi wa Linux, ambayo haikuibadili programu katika faili lake bali iliiendesha ndani ya kichakato cha kubuni, ikifasiri upya kila agizo wakati wa kwenda. Upole wake ulikuwa mkubwa, mara ishirini au thelathini, na nimeona vijana wakiulalamikia. Lakini anayetafuta deni la majuma matatu hana haki ya kulia kwa kungoja saa moja. Watu wa Google nao walitangaza AddressSanitizer mwaka 2012, inayotiwa ushahidi wake na mfasiri wa msimbo mwenyewe, ikawa nyepesi mno kuliko zilizotangulia.

Wako waliodhani kwamba lugha zinazojikusanyia zenyewe taka, yaani kumbukumbu isiyofikika tena, zingeimaliza kazi hii. Tarehe 8 Oktoba 2005, katika mashindano ya magari yasiyo na dereva kwenye jangwa la Mojave, gari la wanafunzi wa chuo kikuu cha Princeton, lililoendeshwa kwa C#, mojawapo ya lugha hizo, lilisimama kabla ya kumaliza njia. Kila kizuizi lilichokwisha kukipita kiliondolewa katika orodha ya vizuizi, ilhali kilibaki kimesajiliwa mahali pengine kama msikilizaji wa matukio. Mkusanya taka akakikuta bado kinafikika, akakiacha. Gari halikusahau jiwe hata moja la njiani, na uzito wa mawe hayo ukaishinda kompyuta yake. Wanafunzi waliipata sababu baada ya mashindano kupita, kwa ala ya kupima kumbukumbu iliyowaonyesha ni nani aliyekuwa angali amevishika vizuizi vile.