Mkondo wa Hewa: Historia ya Neno na Historia ya Hesabu

Katika makala hii nakusudia kufuata historia mbili ambazo kwa kawaida husimuliwa mbalimbali. Ya kwanza ni historia ya hesabu ya mwendo wa hewa, ambayo siku hizi wahandisi huifanya kwa kompyuta ili wajue upepo utapita namna gani juu ya bawa la ndege, pembeni mwa daraja, au juu ya uso wa ziwa. Ya pili ni historia ya maneno ambayo Waswahili wameyatumia kuutaja mwendo huohuo tangu walipojua kutweka tanga. Nitajaribu kuonyesha kwamba historia hizi mbili hukutana katika neno moja, nalo ni mkondo. Na kwamba mahali zinapokutana si pa wataalamu peke yao, bali ni pa mvuvi pia, ambaye maisha yake hutegemea kuambiwa habari za upepo kwa maneno anayoyaelewa. Mfano wangu utakuwa Murangi, katika nchi ya Wajita, mkoani Mara, upande wa mashariki wa Ziwa Viktoria.

I. Upepo wa Ziwa

Ziwa Viktoria lina eneo la kilometa za mraba zipatazo 68,800, nalo liko mita zipatazo 1,134 juu ya usawa wa bahari. Maji mengi namna hii hayapati joto upesi wala hayapoi upesi. Mchana nchi kavu hushika joto kuliko ziwa. Hewa iliyo juu yake hupanda, na hewa ya ziwani huja kushika mahali pake. Huo ndio upepo wa ziwa. Usiku mambo hugeuka: nchi hupoa, maji hubaki na joto lake, na hewa hushuka kutoka nchi kavu kwenda ziwani. Kwa kuwa ziwa limezungukwa na nchi pande zote, pepo hizo za usiku hutoka kila upande na kukutana katikati, na zikiisha kukutana hazina pa kwenda ila juu. Hapo ndipo mawingu ya radi yanapotungwa, usiku wa manane hadi alfajiri. Mtaalamu wa Kijerumani Hermann Flohn, pamoja na mwenzake Fraedrich, walilieleza zunguko hili la kila siku katika makala yao ya mwaka 1966.

Sasa yafaa tukumbuke kwamba dagaa huvuliwa usiku, wakati wa giza la mwezi, kwa taa. Basi saa ambazo mvuvi yuko mbali na mwalo ndizo saa ambazo dhoruba hujikusanya mbele yake. Upepo wa nchi kavu humsukuma polepole kwenda ndani, wala hauna dalili ya ubaya. Ubaya uko kule uendako.

II. Maneno ya Mabaharia

Waswahili wa pwani waliupanga upepo kwa namna tatu. Kwanza kwa majira: kaskazi, uvumao takriban tangu Desemba hadi Machi, na kusi, unaofuata baada yake, na kati ya hizo kuna maleleji, wakati wa upepo usiotulia upande mmoja. Pili kwa saa za siku: umande, ambao pamoja na kuwa unyevu wa asubuhi ni upepo wa asubuhi utokao bara, na matlai, upepo wa mashariki, neno lililotokana na Kiarabu kwa maana ya mahali pa kuchomoza jua. Tatu kwa jinsi upepo unavyokielekea chombo: joshi ni upande utokako upepo, na demani ni upande wa pili. Baharia anayetaka kwenda kule unakotoka upepo hana budi kubisha, yaani kwenda mshazari huku na huku. Neno ni lilelile la kubishana kwa maneno, na maana haikupotea: chombo hushindana na upepo, nacho hushinda kwa kutumia nguvu za huohuo upepo. Lau mhandisi wa leo angeulizwa jambo hili, angejibu kwamba hewa hupita kwa kasi mbalimbali pande mbili za tanga, kanieneo ikawa ndogo upande mmoja na kubwa upande wa pili, sawa na inavyokuwa juu na chini ya bawa la ndege. Nahodha alilijua tendo kabla ya kuwapo hesabu yake.

Maneno haya yalipanda bara pamoja na misafara. Mwaka 1875 Henry Morton Stanley alilizunguka ziwa kwa mashua yake Lady Alice, iliyochukuliwa vipande vipande kutoka pwani. Wakati huohuo mfanyabiashara Songoro alikuwa akiunda chombo huko Ukerewe, kisiwa kilicho jirani na nchi ya Majita. Na mwezi wa Desemba 1877 aliuawa huko pamoja na wamisionari Shergold Smith na O'Neill, katika ugomvi uliohusu chombo chake na Lukonge, mtawala wa Ukerewe. Hivyo matanga ya pwani yalifika ziwani kabla ya serikali za kikoloni, na Kiswahili kilifika pamoja nayo.

Lakini neno likihama huweza kuacha maana yake nyuma. Pwani, bara iko magharibi. Kwa hiyo umande ni upepo wa magharibi na ni upepo wa nchi kavu, mambo mawili katika neno moja. Murangi, nchi kavu iko mashariki na ziwa liko magharibi. Je, hapo umande ni upepo gani? Tukishika upande wa dunia, utakuwa upepo utokao ziwani. Tukishika asili yake, utakuwa upepo utokao nchi kavu. Kadhalika kaskazi na kusi, ambazo zilikuwa majina ya pepo, zimezaa kaskazini na kusini, majina ya pande. Anayesema "upepo wa kusini" kwa watu wasio wa pwani hana budi kueleza kama unatoka kusini au unakwenda kusini. Ni jambo dogo katika kamusi; ndani ya mtumbwi usiku si dogo.

III. Hesabu ya Upepo

Huko Ulaya, Mfaransa Navier mwaka 1822, na Stokes mwaka 1845, waliandika milinganyo inayotawala mwendo wa maji na wa hewa pia. Mwaka 1883 Osborne Reynolds, huko Manchester, alipitisha maji yenye uzi wa rangi katika bomba la kioo, akaona kwamba mwendo ukiwa wa polepole uzi hunyooka, na kasi ikizidi uzi huvurugika. Tofauti ya mkondo mtulivu na mkondo wa msukosuko ikapata kipimo. Hata hivyo milinganyo ile haikuweza kufumbuliwa kwa kalamu isipokuwa kwa mambo mepesi sana, na wahandisi wakategemea mifano midogo iliyopulizwa upepo ndani ya bomba kubwa, kama walivyofanya ndugu wawili Wright mwaka 1901 kabla ya kuruka. Hasara ya kutoujua upepo ilionekana Marekani tarehe 7 Novemba 1940, daraja la Tacoma Narrows liliposukwasukwa na upepo wa kilometa zipatazo 64 kwa saa hata likaanguka.

Njia nyingine ilifunguliwa na Mwingereza Lewis Fry Richardson, katika kitabu chake cha mwaka 1922. Aliligawa anga katika miraba, na kwa kila mraba akahesabu hewa inayoingia na inayotoka. Atakaye kuifahamu njia hii aangalie bao. Bao lina mashimo 32 na kete 64. Kila shimo hupokea kutoka kwa jirani na humpa jirani. Kete huhama, lakini jumla yake haizidi wala haipungui. Tena mchezaji hawezi kurusha kete juu ya shimo bila kulipitia. Sheria ya kwanza ndiyo sheria ya hewa: haipotei wala haizuki. Sheria ya pili ilithibitishwa na Courant, Friedrichs na Lewy mwaka 1928: hatua ya wakati iwe ndogo kiasi kwamba habari za upepo zisiruke mraba mzima kwa hatua moja.

Richardson aliijaribu njia yake kwa siku moja, tarehe 20 Mei 1910, akapata kwamba kanieneo ingepanda milibari 145 kwa saa sita, ilhali kwa kweli haikubadilika sana. Kosa lilitoka hasa katika vipimo vya mwanzo vya upepo, ambavyo havikulingana na kanieneo. Njia yenyewe ilikuwa sahihi. Alikisia kwamba wangehitajika watu 64,000 wakihesabu pamoja ili waende sawa na hali ya hewa ya dunia. Mwaka 1950 Charney, Fjørtoft na von Neumann waliipa kazi hiyo mashine iitwayo ENIAC, na utabiri wa saa 24 ukachukua takriban saa 24 kuhesabiwa. Mashimo ya bao lao yalikuwa na upana wa zaidi ya kilometa 700, na shimo moja lingeweza kulimeza Ziwa Viktoria lote.

Tangu hapo mashimo yamezidi kupungua ukubwa. Katika miaka ya 1960 na 1970 kundi la Spalding, huko Imperial College, London, liliifanya hesabu hii kuwa chombo cha kila siku cha wahandisi. Na tangu mwaka 2004 programu ya OpenFOAM hupatikana bure, hata mwanafunzi asiye na fedha aweza kuupitisha upepo katika kompyuta juu ya paa au tanga la kuwaziwa.

IV. Ziwa Ndani ya Kompyuta

Hesabu iliyozaliwa kwa ajili ya anga ikarudi angani ikiwa na macho makali zaidi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2014 ulitumia miraba ya kilometa zipatazo 4 kulitazama Ziwa Viktoria. Katika miraba hiyo upepo wa ziwa na upepo wa nchi kavu huonekana dhahiri. Mwaka 2016 Wim Thiery na wenzake walionyesha kwamba dhoruba za alasiri juu ya nchi kavu hutoa dalili ya zile zitakazotokea ziwani usiku, na kwamba dunia ikizidi joto dhoruba kali za ziwani zitazidi ukali. Mradi wa HIGHWAY, ulioanza mwaka 2017 chini ya Shirika la Hali ya Hewa Duniani, ulizikutanisha idara za hali ya hewa za nchi za ziwa hili ili hesabu iwafikie wavuvi na wasafiri.

Hapo ndipo kazi ya mhandisi inapokoma na ya mwanalugha inapoanza. Kompyuta hutoa tarakimu. Mvuvi huhitaji sentensi.

V. Neno Linalofaa

Wenye kutunga istilahi wametupatia maneno mema: kani, lililokuwa na maana ya nguvu na ukaidi, sasa ni jina la kisukumacho; kanieneo limetokana nalo; mnato ni ule ugumu wa kitu kumiminika. Lakini elimu yenyewe haijapata jina lililotulia. Tukisema "kimiminika" tumefuata kitenzi mimina, na "kiowevu" ni kitu cha majimaji. Yote mawili huyachukua maji na kuiacha hewa nje. Hewa haimiminwi.

Mkondo haulazimiki kuchagua. Waswahili husema mkondo wa maji, na husema vilevile mkondo wa hewa upitao kati ya mlango na dirisha. Jambo waliloliandika Navier na Stokes kwa alama, kwamba maji na hewa hufuata sheria moja, lugha hii ilikuwa imekwisha kulikubali kwa kuvipa vyote viwili jina moja. Kwa hiyo napendekeza elimu hii iitwe hesabu ya mikondo, na kazi ya kompyuta iitwe uigaji wa mikondo.

Neno utabiri nalo lataka kuangaliwa. Asili yake katika Kiarabu ni kufasiri ndoto, na mpaka leo mtabiri aweza kuwa mpiga ramli. Mvuvi akiambiwa "utabiri" hana kosa akiupima kama apimavyo ndoto: leo kweli, kesho si kweli. Sisemi neno liachwe, maana limekwisha kukaa. Bali nasema lifuatane na sababu yake. Tangazo lisiseme tu kwamba kutakuwa na upepo mkali. Liseme kwamba upepo utatoka nchi kavu kwenda ziwani, kuanzia saa fulani, na kwamba mawingu yaliyonyesha alasiri upande wa mashariki yanatarajiwa kuingia ziwani usiku. Maneno "kutoka nchi kavu" na "kutoka ziwani" hayahitaji dira, wala hayageuki maana yakivuka kutoka Murangi hadi Bukoba, ambako nchi kavu iko magharibi.

Mwisho, Wajita wana lugha yao, ambayo Guthrie aliipanga katika kundi la E, nao wanavua katika ziwa hili tangu zamani. Kabla ya kukaa mezani na kutunga maneno ya upepo wa ziwa, yafaa wanafunzi wetu wa isimu waende Murangi na mialo mingine, waandike majina ya pepo, ya mawimbi na ya mawingu kama yanavyotamkwa na wenyewe, pamoja na saa na upande wa kila upepo. Orodha hiyo wawekewe mezani wenye kuandaa matangazo, na kila tangazo lisomwe kwanza mbele ya wavuvi kumi, waulizwe wameelewa nini. Wakijibu vingine kuliko ilivyokusudiwa, libadilishwe tangazo.