Kioo cha nyota kilivyoingia kwenye jicho

Siku hizi nimekuwa nikisoma kuhusu vioo vinavyopindwa kwa amri ya kompyuta. Historia yake inafurahisha, basi nikaona nikusimulieni.

Mwaka 1851 Mjerumani Hermann von Helmholtz alitangaza kifaa cha kumwonyesha daktari nyuma ya jicho la mtu aliye hai. Mishipa ya damu ilionekana. Seli za retina je? La. Kwa zaidi ya miaka 100, aliyetaka kuziona vizuri alitumia hadubini na jicho la maiti. Sababu ni kwamba konea na lenzi, hata za mtu anayeona sawasawa, zina kasoro ndogondogo zinazovuruga mwanga, na miwani haiziondoi zote.

Wanaastronomia nao walisumbuliwa na hewa, ambayo hutia ukungu picha za darubini. Mwaka 1953 Mmarekani Horace Babcock akapendekeza dawa: pima jinsi mwanga ulivyovurugika, kisha urekebishe kwa kioo kinachobadilika umbo. Vifaa vya kuifanya kazi hiyo havikuwepo. Baadaye jeshi la Marekani liliiendeleza mbinu hiyo kwa siri, na mwaka 1989 wanaastronomia wakaijaribu Ufaransa, ikafaulu.

Mwaka 1997 Junzhong Liang, David Williams na Donald Miller wa Chuo Kikuu cha Rochester wakaielekeza kwenye jicho. Kioo chao kilikuwa na visukumio 37 kwa nyuma. Sisi waandishi wa programu mchezo huu tunaujua: pima, kokotoa, sukuma, pima tena, hadi kosa lipungue. Koni, zile seli za kuonea rangi, zikaonekana moja moja katika jicho hai.

Mwaka 1999 Austin Roorda na Williams walizitenganisha koni kwa aina zake tatu. Kati ya watu wawili waliopimwa, mmoja alikuwa na koni za nyekundu na za kijani karibu sawa. Mwenzake alikuwa na karibu nne za nyekundu kwa kila moja ya kijani. Ajabu ni kwamba wote wawili waliona rangi kawaida!

Kwa nini tujali? Koni ya binadamu ikifa haioti nyingine. Maradhi kadhaa ya retina huziua kimyakimya, na mwenyewe huja kushtuka nyingi zimekwisha. Kwa mbinu hii mtafiti humrudia mgonjwa baada ya miezi, akazitazama seli zilezile na kujua kama tiba inazikinga. Mashine hizi ni ghali, na nyingi bado ziko maabara.

Haya, mtu akikuuliza kutazama nyota kuna faida gani, mwonyeshe jicho lake.