ODI SI UNABII: HISTORIA FUPI YA BEI YA BAHATI



Wapendwa waamini, katika vijiwe vyetu vya Sepuka neno "mkeka" limepata maana ya pili. Mzee akilisikia hufikiria ukindu na mahali pa kuketi. Kijana hufikiria orodha ya mechi alizozitabiri kwenye simu yake, pamoja na ile namba iliyo pembeni mwa kila timu iitwayo odi. Ligi za Ulaya zinapokwenda mapumzikoni mwezi Juni na Julai, kurasa za kubashiri hazifungwi. Hujazwa michezo mingine, mmojawapo ukiwa besiboli ya Marekani, mchezo wa kupiga mpira kwa gongo ambao wengi wetu hatujawahi kuuona kwa macho.

Katika tafakari ya juma hili napenda tuitazame historia ya namba hiyo. Imetoka wapi? Inasema nini? Na imewafanyia nini watu waliotutangulia kuiamini?

SWALI LA HAKI

Mwaka 1654 huko Ufaransa, mtu mmoja wa tabaka la juu aliyependa michezo ya bahati, Antoine Gombaud, alimpelekea Blaise Pascal fumbo. Watu wawili wameweka dau, lakini mchezo umekatizwa kabla haujaisha. Fedha zigawanywe vipi kwa haki? Pascal aliandikiana barua na mwanahisabati mwenzake, Pierre de Fermat, na katika barua hizo ukazaliwa msingi wa hesabu ya uwezekano. Leo hesabu hiyo hutumika katika bima, katika tiba na hata katika utabiri wa mvua.

Tuangalie vizuri, ndugu zangu. Swali la kwanza lilihusu haki: kila mtu apate kilicho chake. Na usiku wa tarehe 23 Novemba mwaka huohuo, Pascal aliguswa na Mungu kwa namna iliyomtikisa, akayaandika mambo hayo katika karatasi aliyoishona ndani ya vazi lake. Ilikutwa humo baada ya kifo chake mwaka 1662. Mtu aliyejua kuihesabu bahati hakuyakabidhi maisha yake kwa bahati.

ODI NI BEI

Wafanyabiashara wa kubashiri waliichukua hesabu ileile wakaigeuza kuwa biashara. Tuchukue mfano wa sarafu. Pande zake mbili zina nafasi sawa, hivyo odi ya haki ni 2.00: anayeweka shilingi 1,000 akishinda apewe 2,000. Lakini kampuni haitoi 2.00, tuseme inatoa 1.90. Watu wawili wakiweka shilingi 1,000 kila mmoja, huyu upande huu na yule upande ule, kampuni inakusanya 2,000, inamlipa mshindi 1,900 na kubaki na 100. Haikutabiri chochote. Imekata fungu lake tu.

Besiboli hufanana sana na mfano huo, kwa sababu kwa kawaida haina sare. Mchezo huendelea mpaka mmoja ashinde. Sasa tutandike mkeka wa mechi kumi za namna hiyo. Nafasi ya kuzipatia zote ni moja kati ya 1,024. Malipo ya haki kwa shilingi 1,000 yangekuwa shilingi 1,024,000. Kwa odi ya 1.90 katika kila mechi, mshindi hulipwa takriban shilingi 613,000. Zile 411,000 zimekwenda wapi? Zimekatwa kidogokidogo, mechi kwa mechi, mahali ambapo jicho halioni. Kadiri mkeka unavyorefuka, ndivyo kisu kinavyokata zaidi. Ndiyo maana mkeka mrefu ndio unaosifiwa zaidi katika matangazo.

Yapo pia maandishi ya uchambuzi kabla ya mechi: nani atarusha mpira, nani ni majeruhi, timu ipi imeshinda mara ngapi mfululizo. Mengi ni ya kweli, lakini kampuni inayajua pia na imekwisha kuyaingiza katika bei. Zaidi ya hayo, mchezo wenyewe ni mgumu kutabirika. Katika ligi kuu ya Marekani kila timu hucheza mechi 162 kwa msimu wa kawaida. Mwaka 2001 Seattle walishinda mechi 116, wakaifikia rekodi ya mwaka 1906, lakini wakatolewa kabla ya kufika fainali. Mwaka 2024 Chicago White Sox walipoteza mechi 121, idadi ambayo haikuwa imefikiwa na timu yoyote katika zama hizi za ligi. Hata hao wabovu walishinda mara 41. Ni mara 41 ambazo mkeka wa mtu aliyejiamini ulichanika.

CHICAGO, 1919

Jina hilo la White Sox linatupeleka nyuma zaidi. Mwaka 1919 timu hiyohiyo ilikuwa miongoni mwa bora kabisa, ikakutana na Cincinnati Reds katika fainali. Chicago walipewa nafasi kubwa ya kushinda. Kisha, kabla ya mechi ya kwanza, fedha nyingi zikamiminwa upande wa Cincinnati, na odi zikaanza kugeuka. Wenye macho walijiuliza: kuna nini?

Kulikuwa na hongo. Mrushaji Eddie Cicotte alimgonga kwa mpira mpinzani wa kwanza aliyesimama mbele yake, na hiyo ilikuwa ishara kwa wacheza kamari kwamba mpango uko tayari. Cincinnati walishinda fainali kwa mechi tano kwa tatu. Septemba 1920 Cicotte alikiri mbele ya baraza la uchunguzi la mahakama kwamba alipokea dola 10,000. Agosti 1921 mahakama iliwaachia huru wachezaji waliokuwa wameshtakiwa, lakini siku iliyofuata kamishna wa ligi, Jaji Kenesaw Mountain Landis, aliwafungia maisha wachezaji wote wanane waliohusishwa na mpango huo.

Mmoja wao anastahili kukumbukwa na sisi wazazi. Buck Weaver hakupokea fedha, na alicheza vizuri. Kosa lake lilikuwa kujua na kunyamaza. Alifungiwa kama wengine, akafa mwaka 1956 bila kusamehewa na ligi.

Historia hiyo haikuishia hapo. Mwaka 1989 Pete Rose, aliyekuwa na rekodi ya mipigo 4,256, alifungiwa kwa sababu ya kubashiri. Alikana mpaka mwaka 2004, na kifungo chake kiliondolewa mwaka 2025 tu, baada ya kifo chake. Mwaka 2018 Mahakama Kuu ya Marekani iliifuta sheria iliyozuia majimbo mengi kuruhusu kubashiri michezo, na biashara hiyo ikaenea kwa kasi. Mwaka 2025 mkalimani wa mchezaji maarufu Shohei Ohtani alihukumiwa kifungo cha miezi 57, baada ya kumwibia bosi wake karibu dola milioni 17 ili kulipa madeni ya kubashiri. Alikuwa rafiki, alikuwa anaaminiwa, alikula naye meza moja.

MPAKA SEPUKA

Na kwetu je? Kamari si ngeni. Wakubwa wanakumbuka pata potea ya minadani, na wanakumbuka Bahati Nasibu ya Taifa, iliyokuwa na sheria yake tangu mwaka 1974. Mwaka 2003 Bunge lilitunga Sheria ya Michezo ya Kubahatisha, iliyounda Bodi ya kuisimamia biashara hii na kuwakataza walio chini ya miaka 18. Lakini mlango mkubwa ulifunguliwa na simu. Huduma za fedha kwa simu zilipoenea nchini kuanzia mwaka 2008, dau halikuhitaji tena mtu kusafiri kwenda mjini. Mwaka 2017 SportPesa, iliyoanzia Kenya mwaka 2014, iliingia nchini na kudhamini Simba, Yanga na hata Singida United. Jirani zetu walianza kushtuka: mwaka 2019 Kenya ilikataa kuhuisha leseni za kampuni 27, na Uganda ikatangaza kutotoa leseni mpya.

Sasa tuunganishe mambo mawili. Miezi ambayo mpira wa Ulaya hupumzika ndiyo miezi ambayo sisi huvuna na kuuza alizeti. Mechi inayoanza saa moja jioni New York, kwetu ni saa nane usiku. Hivyo fedha ya jasho la msimu mzima, fedha ya ada, ya mbegu na ya dawa, inaweza kuondoka usiku mmoja, mke na watoto wakiwa wamelala, kwa ajili ya timu ambayo mwenye fedha hajui hata jezi yake ina rangi gani. Hakuna mwizi aliyevunja mlango.

TUFANYE NINI?

Katekisimu, katika namba 2413, haisemi kwamba kila mchezo wa bahati ni dhambi. Inasema unakuwa haukubaliki unapomnyima mtu kile anachohitaji yeye na wale wanaomtegemea, na inaonya kwamba tamaa ya kamari inaweza kuwa utumwa. Kipimo chake, basi, ni meza ya nyumbani: nani atakosa nini?

Askari chini ya msalaba walilipigia kura vazi la Yesu. Walikuwa karibu kabisa na wokovu wao, lakini macho yao yalikuwa kwenye kura.

Nawasihi mambo matatu. Vijana, kabla ya kuweka dau fanyeni ile hesabu ya sarafu kwa kalamu na karatasi; atakayeifanya kwa uaminifu hatahitaji mahubiri marefu. Wanandoa, fedha ya mavuno ihesabiwe na wawili, na iliyo ya ada iende kwenye ada siku ileile. Na wote tunaojua kwamba ndugu au jirani anazama, tusiwe Buck Weaver. Tuseme mapema, kwa upole, kabla shamba halijauzwa.

Bwana awe nanyi, nami nawatakia Dominika njema.

Paroko wenu, Sepuka