Ruhinda wa Buzinza

Dola nyingi za kale zilihesabu nasaba zao hata zikakomea kwa mtu mmoja. Wasumeri walimtaja Gilgamesh, mfalme wa Uruk, ambaye maandishi ya zama zake mwenyewe hayajapatikana. Watawala wa Buzinza, nchi iliyoenea hata Biharamulo, walimtaja Ruhinda. Masimulizi husema kwamba alikuwa mwana wa Wamara, mtawala wa mwisho wa Wachwezi, na kwamba dola ya baba yake ilipovunjika alishuka kusini, akamwondoa Nono wa ukoo wa Wasiita huko Karagwe.

Karagwe, Buzinza, Ihangiro, na hata Nkore katika Uganda, zote zamdai kuwa babu. Miliki hizo ni nyingi mno kwa umri wa mtu mmoja. Yamkini jina hilo limebeba kazi ya vizazi kadhaa. Wala si ajabu, maana aliyetaka kukalia kiti cha Mukama ilimpasa aonyeshe damu ya Wahinda, ambao mwiko wao ni tumbili.

Lakini nasaba hiyo haiwataji wahunzi. Ruhinda hukadiriwa kuwa wa karne ya 15, hali Katuruka, karibu na Bukoba, ina mabaki ya kuyeyushia chuma ya miaka ipatayo 2,000. Katika Buzinza yenyewe Warongo waliyeyusha chuma na kufua majembe, yaliyolimiwa mashamba na kutolewa mahari. Tanganyika iliondoa utawala wa machifu mwaka 1963. Warongo wazee walikuwa wangali wakikumbuka kujenga tanuri.