Jinsi marubani wakongwe wa Marekani walivyowaachia vijana kazi

Ndege zisiporuka, shirika halina mapato, lakini mishahara ya wafanyakazi ipo palepale. Tunaeleza jinsi mashirika ya ndege ya Marekani yalivyokabili hali hiyo mwaka 2020, wakati wa korona.

Huko marubani hupangwa kwa tarehe ya kuajiriwa. Aliyetangulia huchagua ndege na safari, na hulipwa zaidi. Kazi ikipungua, aliyeajiriwa mwisho ndiye wa kwanza kupewa likizo ya lazima bila mshahara. Hafukuzwi, kazi ikirudi, huitwa.

Serikali ilisaidia kulipa mishahara, kwa sharti kwamba mtu asiondolewe hadi Septemba 30, 2020. Siku iliyofuata, mashirika ya American na United yaliwapeleka likizo wafanyakazi zaidi ya 30,000. Msaada mwingine wa serikali, ulioidhinishwa Desemba, uliwarudisha kazini.

Shirika la Delta liliwashawishi marubani wakongwe wastaafu kabla ya miaka 65, umri wa mwisho kisheria, huku wakiendelea kupata sehemu ya mshahara kwa muda. Zaidi ya 1,700 walikubali. Waliobaki wakakubali kupunguziwa saa za malipo, na vijana wakabaki kazini.

Lakini abiria walirudi upesi kuliko ilivyotarajiwa, na rubani hafunzwi kwa siku moja. Mashirika yakaanza kugombania marubani. Machi 2023, marubani wa Delta walipata mkataba wenye nyongeza ya zaidi ya asilimia 30 kwa miaka minne.