Mkeka wa Baba

Kila Juni, wakati wa Bulabo, uwanja wa Bujora hutimka vumbi la ngoma. Bagika na Bagalu hushindana kama walivyoshindana mababu zao, na anayeshinda ni yule aliyevuta watu wengi zaidi upande wake. Padri David Clement, Mkanada aliyeanzisha makumbusho ya Wasukuma hapo, aliupa ushindani huo nafasi jirani kabisa na kanisa. Kwa hiyo hamu ya kushinda haikuletwa Usukumani na kampuni za kubeti. Ila anayeshindwa kwenye ngoma, ng'ombe wake hubaki zizini.

Serikali imekuwa ikiutazama mchezo wa pesa kama jambo la leseni na mapato: sheria ya 1967, Bahati Nasibu ya Taifa mwaka 1974, kisha Sheria ya Michezo ya Kubahatisha ya 2003, iliyounda Bodi yake. Humo mtoto anakutwa mlangoni, akizuiwa kuingia kabla ya miaka 18. Anayemsubiri baba nyumbani hazungumziwi hapo, huyo yumo katika Sheria ya Mtoto ya 2009, inayomdai mzazi chakula, malazi, mavazi, matibabu, elimu, hata muda wa kucheza (neno hilo nalo!).

Kati ya sheria hizo mbili ikaingia simu. Tangu 2008, M-Pesa ilipofika nchini, pesa ya unga imekaa mfukoni, na baadaye kubeti kukahamia humohumo. Zamani mke aliweza kumwona mume akielekea kwenye mashine za dubwi. Sasa mkeka huchanika baba akiwa ameketi sebuleni, na mtoto huona hasira tu, asijue chanzo. Mtoto asiyeelezwa hujitafutia sababu, na mara nyingi sababu anayoipata ni yeye mwenyewe.

Ndiyo maana msaada wa kwanza hauhitaji bajeti: shangazi, bibi au mwalimu amwambie wazi kwamba kosa si lake, na asimfanye mpelelezi wa simu ya baba wala mtunza siri wa mama. Ada na chakula vishikwe na mkono mwingine. Nyumba ikishindwa, namba 116 hupigwa bure, na Sheria ya Mtoto imeikabidhi kila halmashauri ustawi wa watoto wa eneo lake. Kwa Bujora, hiyo ni halmashauri ya Magu, na mlango wa kubisha ni wa ofisa ustawi wa jamii.